Kumfundisha mgeni hadubini ya pamoja: mwongozo kutoka kwa mshika ufunguo

Chumba chetu cha hadubini kina mashine tatu, kiyoyozi kinachochagua siku za kufanya kazi, na ufunguo mmoja. Ufunguo ninakaa nao mimi. Wanaoutaka ni wengi: wanafunzi wa uzamili wanaohesabu vimelea vya malaria, watu wa kichocho na mayai yao, binti wa sayansi za bahari na planktoni zake, na kila muhula ukianza huongezeka wengine watano au sita wenye barua inayosema "tafadhali mpe maelekezo mafupi". Maelekezo mafupi ndiyo yaliyotuulia lenzi mbili.

Siku hizi simpi mtu maelekezo. Namkalisha kwenye kiti, naweka mikono yangu mapajani, naye anashika mashine. Nimeandika hapa ninavyofanya, kwa wenzangu wanaotunza hadubini za watu wengi kwenye taasisi, vyuo na hospitali za rufaa. Nasema hadubini, ukiizoea kwa jina la darubini kama wanavyoiita hospitalini, mashine ni ile ile.

Kabla hajaja, ajue anataka kuona nini

Kabla ya kupanga siku, mpe karatasi moja ajaze. Maswali manne yanatosha: sampuli ni nini, imepakwa rangi gani, ni hai au imeshakaushwa na kuuawa kwa kemikali, na mwisho wa kazi anataka kuondoka na nini, hesabu, picha au vipimo.

Swali la tatu ni la usalama, na halina mjadala. Makohozi mabichi hayaingii kwenye chumba cha hadubini ya pamoja. Kinachoingia ni slaidi, yaani kipande cha kioo chenye sampuli, iliyokauka, iliyopakwa rangi, iliyofutwa chini.

Swali la nne linaokoa wiki nzima. Kijana mmoja alikuja akiomba nimwombee nafasi kwenye hadubini ya leza ya taasisi nyingine, kwa sababu alisikia ndiyo bora. Slaidi zake zilikuwa za damu, zimepakwa rangi ya Giemsa, na kazi yake ilikuwa kuhesabu vimelea kwa kila chembe nyeupe 200. Kazi hiyo inafanywa na hadubini ya kawaida yenye lenzi ya 100, yaani inayokuza mara 100, na mwanga mzuri. Alihitaji kufundishwa vizuri hii iliyopo. Leza isingemsaidia kuhesabu hata kimelea kimoja zaidi.

Fundisha wawili kwa mpigo, usizidishe. Wakiwa wawili, mmoja anashika na mwingine anatazama akingoja zamu, na mara nyingi yule anayetazama ndiye anayeliona kosa. Wakiwa watatu, wa tatu yuko kwenye simu.

Siku ya kwanza asije na sampuli yake. Mtu mwenye slaidi aliyoisafirisha kutoka kijijini kwa basi la usiku hawezi kusikiliza habari za kondensa, ile lenzi ya chini inayokusanya mwanga kwenye sampuli. Anataka kuona kimelea chake. Mwandalie slaidi tatu za kwako: moja ya damu iliyopakwa vizuri, ya pili iliyojaa punje za rangi zinazofanana na vimelea, na ya tatu nzuri kama ya kwanza ila umeiweka kwenye jukwaa, ile meza ndogo inayobeba slaidi, kichwa chini, upande wa damu ukitazama kondensa. Hiyo ya tatu usimwambie.

Umeme

Kwetu somo la kwanza ni swichi. Mpangilio wa kuwasha ni kutoka ukutani kwenda mbele: soketi, stebilaiza, UPS (betri ya akiba), taa ya hadubini, kamera, kompyuta, na programu mwisho kabisa. Kuzima ni kurudi kinyume. Kabla ya kuwasha na kabla ya kuzima, mwanga uwe umeshushwa hadi chini. Balbu ya halojeni inayowashwa ikiwa kwenye mwanga wa juu haikai.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mgeni ana mazoea ya kukaa akingoja urudi. Mfundishe kuinuka na kuzima kila swichi kwa mkono, kwa sababu unaporudi haurudi kwa upole. Nafanya zoezi hili kwa vitendo: anapokuwa amezama kwenye kutazama, nachomoa waya ukutani, kisha nanyamaza. Wengi hunitazama mimi. Anayetazama swichi amefaulu.

Kama mashine yenu ya mng'aro, ile inayotazama rangi zinazong'aa zikipigwa na mwanga mkali, bado ina taa ya zebaki, ongeza sheria mbili. Ikishawashwa iachwe iwake angalau dakika 30, na ikizimika, iwe kwa mkono au kwa kukatika umeme, isiwashwe tena mpaka ipoe, nusu saa nyingine. Balbu hizo nyingi zina maisha ya saa 200 hadi 300, na inayopitishwa kikomo inaweza kupasuka na kumwaga mvuke wa zebaki chumbani. Ndiyo maana kila anayeiwasha anaandika saa. Mwenye taa ya LED amesamehewa haya yote. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza LED ichukue nafasi ya taa za zamani katika kupima kifua kikuu kwa hadubini ya mng'aro, na sisi tunaoishi na umeme wa kurukaruka tunajua faida yake kuliko mtu mwingine yeyote.

Kiti na macho

Watu huruka hatua hii kisha wanalalamika kichwa kinauma. Kiti kipandishwe mpaka macho yafike kwenye lenzi bila kukunja shingo. Kisha asogeze lenzi za macho ndani na nje mpaka miduara miwili iwe mmoja. Asome namba ya upana kati ya macho yake na kuiandika nyuma ya daftari lake, asihangaike kila siku.

Baada ya hapo atazame kwa jicho la upande usio na pete ya kurekebisha, apate fokasi kwa kizungushio kidogo, halafu afumbe jicho hilo na kuzungusha pete ya upande wa pili mpaka jicho lile nalo lione sawasawa. Mwenye miwani ya kuona mbali au karibu tu anaweza kuivua. Mwenye astigmatizimu, kasoro ya umbo la jicho, abaki nayo.

Mwanga, hapa usiwe na haraka

Ningekuwa na saa moja tu na mgeni, dakika arobaini ningezitumia kwenye mwanga. Mjerumani August Köhler aliandika namna ya kuupanga mwaka 1893, akiwa anatafuta picha zisizo na doa la taa katikati, na mpaka leo hakuna aliyeleta njia nyepesi kuliko ile. Mashine ina viwambo viwili vya kufungua na kufunga, na mgeni lazima avitofautishe kwa vidole kabla ya kuvijua kwa maneno. Kimoja kiko kwenye kitako cha hadubini, mwanga unapotokea. Nitakiita kiwambo cha chini. Cha pili kiko ndani ya kondensa, chini kidogo ya jukwaa.

Afanye hivi, yeye mwenyewe, kwa lenzi ya 10:

1. Aweke slaidi nzuri na kupata fokasi.
2. Afunge kiwambo cha chini mpaka mwisho. Ataona kipande kidogo cha mwanga chenye pembe nyingi, kimefifia kingo, na mara nyingi kimejificha pembeni.
3. Apandishe na kushusha kondensa taratibu mpaka kingo za kile kipande zikatike kama zimekatwa na mkasi. Akitazama kwa makini ataona ukingo una utepe mwembamba unaobadilika kutoka wekundu kwenda bluu. Mahali pa kubadilika ndipo penyewe.
4. Kwa skrubu mbili za kondensa, akisogeze kipande hicho katikati.
5. Akifungue mpaka kingo zipotee tu nje ya duara la kuonea, asiendelee.
6. Atoe lenzi moja ya jicho, achungulie ndani ya bomba tupu. Ataona sahani ya mwanga. Afunge kiwambo cha kondensa mpaka sahani ibaki kama theluthi mbili au robo tatu ya upana wake, kisha arudishe lenzi.

Hadubini nyingi ndogo za kufundishia hazina kiwambo cha chini. Hapo kondensa ipandishwe hadi juu, ishushwe kidogo sana, na hatua ya sita ifanyike kama ilivyo.

Mara ya kwanza atachukua dakika kumi. Mwambie avuruge kila kitu na kuanza tena. Mara ya tano atamaliza kwa dakika moja, na hapo ndipo umeme wa kichwa chake unapowaka: atabadilisha lenzi na mkono utakwenda wenyewe kwenye kiwambo.

Kosa utakalolikuta kwa kila mtu, hata kwa waliofundishwa kwingine, ni kutumia kiwambo cha kondensa kama swichi ya kupunguza mwanga. Mwanga unaumiza macho, anakifunga. Picha inakuwa na kingo nyeusi nyeusi, anafurahi kwamba sasa inaonekana wazi. Haionekani wazi. Kwa lenzi ya 100 yenye namba ya uwazi (kipimo cha upana wa mwanga inaoupokea) 1.25 na mwanga wa kijani wa nanomita 550, vitu viwili vinatenganishika vikiwa mbali kwa kiasi cha maikromita 0.27. Kiwambo kikifungwa sana umbali huo unakua, na maelezo madogo ya ndani ya kimelea yanayeyuka, huku kila punje ya vumbi na rangi ikivikwa duara linalong'aa na kujifanya kimelea. Mchukulie ile slaidi ya pili, yenye punje. Ahesabu vimelea akiwa amefunga kiwambo, aandike. Kisha akifungue ipasavyo, ahesabu tena uwanja ule ule. Tofauti ya zile namba mbili itamfundisha kuliko wewe. Mwanga ukiwa mkali, upunguzwe kwa kizungushio cha taa.

Kupanda ngazi ya lenzi

Anaanza na lenzi ndogo kwenda kubwa, 10, 40, 100. Anazungusha kwa kushika pete inayobeba lenzi. Akizishika lenzi zenyewe kama usukani, baada ya mwaka hazitakaa katikati tena. Akifika 40, kizungushio kikubwa hakiguswi. Hilo lirudie mpaka uchoke.

Slaidi ya damu isiyo na kifuniko cha kioo haitaonekana safi kwenye lenzi ya 40, hata afanye nini. Lenzi hiyo imetengenezwa ikitarajia kifuniko cha milimita 0.17 juu ya sampuli. Mwambie mapema, maana wengi hudhani wamekosea na kuanza kuchokonoa mambo yaliyokuwa sawa.

Lenzi ya 100 inataka mafuta. Mafuta haya yanapindisha mwanga karibu sawa na kioo, kwa kipimo cha 1.515, kwa hiyo mwanga unatoka kwenye slaidi na kuingia kwenye lenzi bila kutawanyika hewani. Tone moja, juu ya mahali mwanga unapopita, kisha lenzi ya 100 inazungushwa mpaka iguse tone. Kama picha ina kivuli kinachocheza pembeni, kuna kiputo cha hewa. Azungushe lenzi itoke kidogo na kurudi mara mbili, kitapasuka.

Sasa dhambi kubwa. Mafuta yakishawekwa, lenzi ya 40 hairudi kwenye slaidi hiyo. Yaani hairudi. Mgeni amepoteza kimelea chake, anataka kurudi nyuma kidogo akitafute, anazungusha upande usio sahihi, na lenzi ya 40 inapita katikati ya mafuta. Haivunjiki, na hapo ndipo tatizo lilipo: hakuna sauti, hakuna ufa, ila kuanzia saa hiyo kila anayeitumia anaona kama anatazama kupitia dirisha la bafuni. Akipoteza kimelea, ashushe jukwaa, afute mafuta, aanze na 10.

Sasa mletee slaidi ya tatu, ile iliyopinduliwa. Mkabidhi kiti, rudisha mikono mapajani.

Kwenye lenzi ya 10 ataona vizuri kabisa. Kwenye 40 mambo yataanza kugoma. Kwenye 100 hataona kitu, naye atafanya kile ambacho kila mtu hufanya: atazungusha, na kuzungusha, na kupandisha jukwaa zaidi.

"Mwalimu, imekataa."

"Imekataa nini?"

"Fokasi. Nimefika mwisho haiji."

Usiguse. Muulize slaidi ina unene gani. Ni kama milimita 1. Muulize lenzi ya 100 inatakiwa kukaa umbali gani kutoka kwenye kitu inachokitazama. Ni chini ya milimita 0.2. Mwache ajumlishe. Damu ikiwa upande wa chini, kioo chote kimekaa katikati, na lenzi haiwezi kuifikia bila kukipasua. Atakayeyasikia haya darasani atayasahau. Aliyekaa dakika tano akitokwa jasho mbele ya slaidi iliyopinduliwa ataitazama slaidi kila mara kabla ya kuiweka, maisha yake yote. Kwa zoezi hili situmii lenzi nzima. Natumia mojawapo ya zile mbili zilizokufa kwa maelekezo mafupi, yenye mkwaruzo katikati. Mshahara wake sasa ni kufundisha.

Kufuta

Mafuta yanafutwa siku ile ile, kabla ya kuzima taa. Karatasi ya lenzi tu. Karatasi ya chooni ina nyuzi za mti zinazokwaruza, ncha ya kanga na shati nazo zina vumbi usiloliona. Kama kuna vumbi, kwanza lipulizwe kwa kipulizio cha mpira. Kupuliza kwa mdomo ni kutemea lenzi mate.

Akunje karatasi, aigusishe kwenye lenzi inyonye mafuta, aitupe. Ya pili aidondoshee kidogo dawa ya kusafishia lenzi inayopendekezwa na mtengenezaji, apitishe mara moja kuelekea upande mmoja, aitupe. Ya tatu kavu. Asisugue kwa kuzunguka kama anayeng'arisha sufuria. Zaileni isiwe jambo la kila siku, kwa sababu inaweza kulainisha gundi inayoshikilia vioo vya ndani.

Kwetu pwani kuna adui mwingine anayefanya kazi usiku. Kuvu huota ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na zikishakula ile rangi ya juu ya kioo hakuna kufuta. Chumba kikae chini ya asilimia 60 ya unyevu ukiweza. Usipoweza, lenzi za thamani zilale kwenye kabati lililofungwa lenye silika jeli, punje zinazonyonya unyevu. Mgeni ajue kuzisoma zile punje: za bluu zikigeuka waridi zimeshiba maji, zikakaushwe kwenye oveni. Ajue pia kutofunika hadubini ikiwa bado ina joto, maana anafungia unyevu ndani. Chumba kikiwa baridi sana kisha mlango ukaachwa wazi asubuhi ya masika, vioo hulowa kama chupa ya soda. Asubiri vikauke vyenyewe.

Kamera na mng'aro

Huku sikai sana, kwa sababu anayehitaji mng'aro nampa siku yake ya pili, baada ya kuuweza mwanga wa kawaida. Mambo matatu ndiyo hasa yanayoharibu kazi za watu.

La kwanza, rangi inachoka. Kila sekunde mwanga mkali unapoipiga sampuli, rangi inafifia na hairudi. Mgeni akimaliza kutazama afunge mlango wa mwanga, hata kama anageuka tu kuandika. Kutafuta mahali pazuri kufanyike kwa mwanga hafifu, au kwa rangi ile asiyoihesabu.

La pili, weupe uliopitiliza. Kwenye picha ya biti 8 namba zinaishia 255. Kitu kilichofika 255 kinaweza kuwa kilistahili 300 au 3,000, huwezi kujua tena. Programu nyingi zina kitufe cha kuonyesha sehemu hizo kwa rangi nyekundu. Mfundishe kukiwasha kabla ya kupiga. Picha ya kupimia ihifadhiwe kama ilivyotoka kwenye kamera au kwa TIFF. JPEG ni ya kutuma WhatsApp.

La tatu, mstari wa kipimo. Weka kioo cha kipimo, kile chenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100, ili kila mgawanyo uwe maikromita 10, na kila mgeni aone programu ikisahihishwa kwa kila lenzi. Halafu mpe njia ya kujikagua bila wewe: chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8. Kama yake inasomeka 18 au 19, alipiga picha kwa lenzi ya 100 huku programu imeachwa kwenye 40.

Na flashi. Kompyuta ya hadubini haipokei flashi iliyotoka stationeri, hata mwenyewe akiapa. Picha zitoke kwa mtandao wa ndani au kwa diski moja inayokaa chumbani.

Mtihani

Unafanyika siku nyingine, angalau siku tatu baadaye, ili kilichosahaulika kiwe kimeshasahaulika. Kabla hajaingia navuruga mashine: nashusha kondensa, nafunga viwambo vyote, nasogeza pete ya jicho, naacha lenzi ya 100 ikiwa chini. Anaikuta hivyo, kama atakavyoikuta siku halisi baada ya mtu mzembe. Anatakiwa kuiweka sawa, kuweka slaidi, kufika lenzi ya 100, kunionyesha kimelea, kupiga picha yenye kipimo sahihi, kufuta, kuzima na kuandika kwenye daftari. Mimi siongei. Nikilazimika kunyoosha mkono hata mara moja kuokoa lenzi, anarudi wiki ijayo, bila lawama.

Akifaulu, mara mbili za kwanza anafanya kazi saa za ofisi tu, wakati nipo jirani. Baada ya hapo ufunguo anachukua kwa kusaini. Asiyegusa mashine kwa miezi sita anarudia mtihani, siyo mafunzo. Na mwenye ruhusa haruhusiwi kumfundisha mwenzake. Nalisema hili mbele yao wote, kwa sababu rafiki anamfundisha rafiki njia za mkato tu, na yale makosa yake mawili matatu yanahamia kwa mwingine yakiwa yameota ndevu.

Daftari na kukiri

Daftari letu lina safu za tarehe, jina, lenzi zilizotumika, saa za taa, nilichokuta na nilichoacha. Safu ya "nilichokuta" ndiyo yenye maana. Mtu anaijaza kabla ya kuanza kazi. Akiandika "sawa" bila kukagua, uharibifu wa aliyemtangulia unakuwa wake.

Mahali nilipofanya kazi zamani, mtu alipitisha lenzi ya 40 kwenye mafuta akaondoka kimya. Alikuwa ameona mwenzake akifokewa mbele ya watu kwa kuvunja slaidi, akaona bora anyamaze. Wiki tatu zilipita. Mwanafunzi mmoja alihesabu mayai ya kichocho kwenye slaidi arobaini akidhani macho yake ndiyo mabovu. Alikwenda hadi kupimwa miwani. Siku nilipoikagua ile lenzi, mafuta yalikuwa yameshakauka pembeni na kuingia kwenye pete. Kusafisha ilikuwa kazi ya dakika mbili kama ningeambiwa siku ile. Slaidi arobaini zilirudiwa.

Tangu hapo sheria yangu nayoisema siku ya kwanza, kabla ya swichi, ni hii: aliyeharibu akasema siku ile ile halipi, hafokewi, na jina lake haliendi kwa msimamizi wake. Aliyeficha nikagundua mwenyewe ananirudishia ufunguo. Nimeitwa mpole kwa ajili hiyo. Lakini simu za jioni za "Mwalimu, samahani, nimefanya kitu" ninazipata, na lenzi zangu ni nzima.

Mtumiaji anayekuzidi umri

Kila taasisi ina mkubwa aliyesoma hadubini zamani, sasa amepata fedha za utafiti na anataka ufunguo bila mtihani. Huwezi kumwambia "kaa nikufundishe". Wala usimwachie, kwa sababu hadubini haijui vyeo.

Wa kwetu alikuja asubuhi. "Shikamoo, Profesa." "Marahaba, mwanangu. Hadubini nimeitumia kabla hujazaliwa, naomba tu ufunguo." Nikamwambia ni heshima, ila nina wageni wawili leo, ningefurahi wakimwona mtu mzoefu akipanga mwanga kabla ya kuanza wao. Akavua koti. Mwanga aliupanga kwa namna nzuri ajabu, akiwaeleza habari za hadubini za kioo cha kuakisi jua walizokuwa wakitumia wakati huo, na wale vijana walijifunza kwake mengi ambayo kwangu wasingeyapata. Kisha akachukua slaidi iliyokuwa juu ya jukwaa na kupanda hadi lenzi ya 100.

Akazungusha. Akazungusha tena. Mimi mikono mapajani, vijana kimya kama wako msikitini. Baada ya dakika moja na nusu hivi akasimama, akashusha jukwaa, akaichomoa slaidi na kuipitisha kwenye mwanga wa dirisha akiitazama kwa ubavu.

"Umenitega, wewe."

Akaigeuza, akapata fokasi, akamaliza, akafuta lenzi kwa karatasi tatu. Kisha akaomba daftari. Kwenye safu ya "nilichokuta" akaandika kwa herufi zake za zamani: slaidi imepinduliwa, kwa makusudi. Akasaini, akachukua ufunguo.